Asante kwa Mashine Yangu

Boito,
10 Machi 1996

Mpendwa Mama Seth,

Nakusalimu, chamgei. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Oyugis, wewe na Phelix na watoto. Anwani yako nimepewa na Dorine wa kiwandani. Nilimwambia, mtu tuliyekaa naye ukuta kwa ukuta hawezi kupotea hivi hivi kama sindano kwenye nyasi.

Sisi ni wazima. Mvua imekuja mapema na chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma. Kipchirchir aling'oa mahindi ya nyuma ya nyumba akapanda chai mpaka karibu na mlango wa jikoni. Chelangat yuko kidato cha pili.

Habari kubwa ni kwamba kushona kumerudi. Utacheka. Unakumbuka mitumba ilipoingia watu wakawaacha mafundi, tukasema basi, cherehani zimekwisha. Sasa wanawake wa hapa wote wanashona, na si kwa shida kama zamani. Ni kwa kupenda tu. Mke wa mwalimu mkuu ameunganisha blanketi kwa vipande vya mitumba iliyochakaa, hakuna kipande kinachofanana na kingine, ukilitazama huchoki. Drusilla, mke wa mchungaji, anatarizi majani ya chai kwenye vitambaa vya viti kwa nyuzi za kijani za aina tatu. Tunakutana kwangu Jumamosi, tukishapeleka chai kituoni. Tunajiita Kikundi cha Sindano, na mwezi wa nane tutaingia maonyesho ya wilaya.

Sasa nina shida. Nina mashine ya miguu na inanisumbua. Uzi unajikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Asubuhi ya baridi gurudumu haliendi mpaka ulisukume nyuma kwanza. Kikanyagio kimefungwa na mpira wa baiskeli, na chini ya springi ya bobini mtu alikuwa ameweka kipande cha bati la kopo. Nilikitoa kwa sababu kilionekana vibaya. Wewe ulikuwa fundi. Niambie nifanye nini.

Ni mimi jirani yako,
Rebeccah, Mama Chelangat


Oyugis,
22 Machi 1996

Mama Chelangat,

Barua yako imefika. Sisi ni wazima.

Phelix hajaandikwa kazi popote tangu tutoke huko. Anaziba panchari za baiskeli sokoni. Mimi nashona kwa mashine ya mtu, kwenye baraza lake, na tunagawana ninachopata nusu kwa nusu. Yangu unajua ilibaki kwenye nyumba yetu ya Boito mwaka ule wa vita vya makabila, siku tuliyoondoka na watoto na blanketi moja. Tangu hapo kazi yangu kubwa ni kuitafuta. Nimewauliza watu wengi. Wewe sikukuuliza kwa sababu nilifikiri ungekuwa wa kwanza kuniambia.

Rudisha kile kipande cha bati mahali pake, upande uliokunjwa utazame juu. Gurudumu usilisukume nyuma, utavunja meno. Litie mafuta, halafu liviringishe mbele kwa kiganja mpaka lipate joto.

Nami nina maswali. Mashine hiyo uliipata wapi, kwa nani, na lini? Juu ya meza yake, pale mkono wa kulia unapokaa, kuna alama ya pasi iliyounguza mbao? Nijibu haya matatu na hilo la nne.

Syprose


Boito,
8 Aprili 1996

Mpendwa Mama Seth,

Mungu akubariki. Nimerudisha kile kibati na sasa inashona kama maji yanayoteremka. Wanachama walipiga makofi. Umejuaje kwamba kimekunjwa? Lakini fundi ni fundi.

Pole kwa shida za huko. Kila mtu alipoteza kitu mwaka ule, hata sisi mbuzi wetu wawili hatukuwaona tena.

Kuhusu mashine, ilipatikana tu. Mambo ya kununua ni ya Kipchirchir, na wanaume ukiwauliza sana wanafikiri unawahesabia. Juu tumeipaka rangi ya krimu na kuweka kitambaa kizuri, kwa hiyo mimi sijaona alama yoyote.

Mwezi huu tunajifunza kutengeneza mito. Mwanamke mmoja kutoka Sotik alituonyesha namna ya kukunja pindo bila kuonyesha uzi. Niambie, pindo la mviringo huwa mnalishikiza kwa pini au kwa mkono?

Rebeccah


Boito,
15 Aprili 1996

Nyamera, dada yangu Syprose,

Uliniomba nikuangalizie, nimeangalia.

Mimi ni mwanachama, usinitukane. Mwanamke wa kabila letu akikataa kikundi hapa, watu huanza kuuliza anakataa nini kingine. Kwa hiyo Jumamosi naenda na mfuko wangu wa uzi, nakaa, nashona kitambaa ambacho hakuna kiti changu kinachokihitaji. Na kushona kwenyewe nakupenda, huo ndio ukweli. Ni mahali ninaposhonea ndipo panaponichefua.

Mama Chelangat alitoka kuleta chai. Nikainua kile kitambaa cha juu. Ile rangi ya krimu imepakwa mara mbili au tatu, lakini alama ya pasi iko. Huioni kwa jicho, unaipata kwa kidole: ncha, mabega, mpaka kisigino. Nilikuwepo siku uliposahau pasi hapo ukikimbilia mtoto, na harufu yake naikumbuka. Ni yako.

Sasa sikia jambo lingine, na ukae kwanza. Mgeni akija, Rebeccah anaigonga ile mashine kwa kiganja anasema, "Hii ni ya marehemu mama yangu." Anasema mbele yangu bila kupepesa. Mama yake nilimjua. Sindano pekee aliyowahi kushika yule mama ni ya kutoa funza.

Na usinidanganye kwamba hajui. Kitambaa hicho cha juu hakitolewi hata kwenda kufuliwa.

Sijakuambia chochote.

Dorine


Oyugis,
27 Aprili 1996

Mama Chelangat,

Pindo la mviringo hushikizwa kwa mkono.

Mashine iliyo sebuleni kwako ni yangu. Kibati kile Phelix alikikata kwenye kopo la maziwa ya unga ya Seth. Mpira wa kikanyagio ni wa baiskeli yetu. Alama ya pasi niliiunguza mimi mwenyewe na kitambaa chako hakiwezi kuifuta. Wewe umekaa karibu na mashine hiyo miaka, ukisubiri nikushonee sare za shule za Chelangat. Uliijua kabla haijavuka ua.

Sikuulizi tena ilipatikanaje. Ipakie kwenye pickup yoyote inayokuja Oyugis kununua mtama. Nauli nitalipa hapa.

Syprose Akoth


Boito,
19 Mei 1996

Mpendwa dada katika Bwana,

Barua yako iliniumiza sana. Niliisoma nikalia, nikamwonyesha Drusilla. Hatukuzoea maneno makali kutoka kwako.

Ukweli ni huu. Siku mlipoondoka mlango wenu ulikuwa wazi na mvua ilikuwa inaingia. Kipchirchir akasema, kitu cha jirani kikioza ni aibu kwa aliyebaki. Akaileta kwetu na mkokoteni ili isiharibike. Tumekuwekea tu. Wengine walichukua, sisi tuliweka, na Mungu anajua tofauti.

Mbona hatukukuambia? Tungekuambia wapi? Anwani hatukuwa nayo. Na nilipoipata nilikuandikia, au sikukuandikia?

Lakini uangalie pia upande wetu. Rangi tumenunua sisi. Mkanda wa gurudumu tumenunua sisi. Kikundi kizima kinaitegemea, na maonyesho yamekaribia. Wengine hapa wana huzuni zao na kushona ndiko kunakowatuliza. Ukiiondoa leo utakuwa umewapokonya wanawake wenzako furaha.

Drusilla ana wazo zuri. Njoo wewe utufundishe. Jumamosi utakaa kwenye mashine hiyo hiyo kama zamani, tutakupa chai na mkate na nauli ya kurudi. Sisi hatuna chuki na mtu.

Wako,
Rebeccah


Oyugis,
1 Juni 1996

Mama Chelangat,

Anwani yangu Dorine amekuwa nayo tangu tulipofika hapa, na Dorine unamwona kila siku ya soko.

Kufundisha sitakuja. Maonyesho ni mwezi wa nane. Kama mashine haijanifikia kabla ya hapo, nitakuja kwenye maonyesho na Phelix na yule Joab aliyekuwa kwenye boila za kiwanda. Tutasimama mbele ya meza yenu. Kila atakayeuliza mashine hii ni ya nani, nitamwambia. Sitapiga kelele.

Syprose Akoth


Boito,
23 Juni 1996

Mpendwa Mama Seth,

Nina habari njema. Kamati ilikaa, tukaomba, na tumekubaliana kwa sauti moja kwamba mashine upewe.

Tutaifanya kwa heshima. Jumamosi ya tarehe 20 Julai tutasimamisha hema hapa kwetu. Mgeni wa heshima ni chifu. Mchungaji atafungua kwa maombi. Kikundi cha Sindano kitakukabidhi cherehani moja ya miguu kama zawadi kwa mama mhitaji aliyeathiriwa na vita. Mpiga picha atatoka Kericho. Hii itatusaidia kwenye maonyesho, kwa sababu mwaka huu majaji wanatazama pia kikundi kimesaidia nani.

Ili usihangaike, nimekuandikia maneno ya kusema. Ni mafupi. Usiongeze mengine, kwa sababu chifu ana mikutano. "Mimi naitwa Syprose. Nilikuwa sina kitu. Nawashukuru akina mama wa Kikundi cha Sindano kwa moyo wao wa kunipa mashine hii. Nitaitumia kuinua familia yangu. Mungu awazidishie."

Uvae kitenge. Phelix akija, asije na yule Joab.

Rebeccah


Boito,
30 Juni 1996

Nyamera,

Kwa hiyo umeletewa na maneno ya kutapika.

Nilikuwa kwenye hicho kikao. Hakuna aliyeomba. Mke wa mwalimu mkuu alisema, "Tukimpa kimya kimya watu watasema tuliiba." Drusilla akasema, "Basi tumpe kwa kelele." Wakacheka, chai ikaletwa. Mimi nilikuwa napiga kifungo, nikajichoma kidole, nikasema ni sindano.

Wewe na hasira yako ninawajua. Lakini nisikilize. Ukikataa, mashine inabaki hapa na watasema walitaka kukusaidia ukaringa. Ukienda kwa polisi, utaulizwa risiti. Nani alikimbia na risiti? Soma hicho kikaratasi chao, upakie mashine, uende. Asante haichubui ulimi. Usiku ukifika utakuwa unashona kwako.

Mimi nitapiga makofi na wengine. Ukiniona, usinitazame sana.

Dorine


Boito,
4 Agosti 1996

Mpendwa Mama Seth,

Natumaini mlifika salama na mashine haikukwaruzwa njiani.

Nakuandikia kukuambia ulisema vizuri. Ungetabasamu kidogo kwa ajili ya picha, lakini watu walielewa kwamba umezidiwa na shukrani. Chifu alisema hajaona umoja wa namna hiyo. Maziwa yetu ya mursik yaliisha yote. Mke wa afisa mmoja wa wilaya amesikia na anataka kuja kututazama.

Sasa lile jambo limegusa mioyo. Tangu siku ile wanachama wananijia mmoja mmoja na kuniambia kwamba nao waliwawekea watu vitu. Kitanda cha Joab kiko kwa mwalimu mkuu. Sufuria kubwa za kanisa lenu ziko, tunazitumia kwenye harusi. Mabati ya Onyancha, yule muuza ndizi, yako juu ya choo cha mchungaji, lakini Drusilla yuko tayari kuyatoa. Hatukujua kama ni vingi hivi.

Tumeona tufanye sherehe moja kubwa mwezi wa kumi. Tusaidie kwa majina ya wahitaji na anwani zao, kwa sababu wewe unajua waliko. Tutawaandikia maneno ya kusema kama tulivyokuandikia. Wewe utakuja kuwapa moyo, uwaeleze kwamba si vigumu.

Picha yako ukiwa unashona itume haraka. Majaji wanaitaka.

Dada yako,
Rebeccah


Oyugis,
17 Agosti 1996

Mpendwa Mama Chelangat,

Asante kwa barua yako. Mashine ilifika salama. Inashona.

Wazo la sherehe ni zuri. Joab na Onyancha wapo, nimeongea nao, wanakuja. Mzee wa kanisa atakuja kwa ajili ya sufuria. Mabati yasitolewe mapema, yaacheni pale pale yalipo mpaka siku yenyewe, ili wageni waone mlivyoyatunza. Kitanda pia msikipake rangi.

Maneno ya kusema waandikieni, watayapokea. Mimi nitakuja, kama ulivyoomba. Huyo mke wa afisa mwambieni asikose, na mpiga picha arudi.

Picha yangu bado sijapiga.

Syprose


Oyugis,
17 Agosti 1996

Nyamera Dorine,

Barua hii nampa utingo wa lori la mahindi akuletee kiwandani mkononi. Usinijibu kwa posta.

Uliniambia asante haichubui ulimi. Nilisoma karatasi yao neno kwa neno. Chifu akaniuliza kama najua kuitumia au akina mama wanifundishe kidogo kabla sijaondoka. Drusilla akanishika bega akasema, "Usiiogope, Mama, inaanza polepole." Watu wakacheka kwa upole. Ninyi nyote mkapiga makofi. Nilikuona unapiga, sikukutazama sana. Tulipopita kiwanda nilimwambia dereva asimame, nikatapika kwenye chai ya watu. Phelix alishika mashine isianguke.

Amekwangua ile rangi kwa vigae vya chupa. Nashona nguo za watu, siku nzima, na ninachopata ni changu. Nilidhani nikiipata kichefuchefu kitaisha. Hakijaisha. Kila ninapoikanyaga nasikia sauti yangu ikisema nilikuwa sina kitu.

Barua ya Rebeccah nimewasomea Joab na Onyancha. Joab alicheka mpaka akakohoa. "Nitakuja," akasema. "Watandike hicho kitanda pale hemani. Nitakilalia mbele ya chifu, nimwambie, mzee, hapa ndipo wanangu walipozaliwa, na huyo mwalimu mkuu amekuwa akilala wapi?" Onyancha akasema yeye mabati yake hataki kupewa. Atayapandia mwenyewe juu ya choo cha mchungaji na nyundo, na aliye ndani atoke kwanza.

Hawatasoma karatasi. Mimi nitakuwa wa kwanza kushika kipaza sauti, kwa sababu wataniita niwape watu moyo. Nitarudia maneno yangu ya mwezi wa saba, kisha nitayasahihisha moja baada ya jingine. Phelix anasema tutapoteza kitanda, mabati na sufuria. Joab anasema kitanda kimeshapotea, sasa anataka tu kukilalia siku moja mbele ya watu.

Sasa wewe. Siku hiyo usije. Sema mtoto anaumwa, sema dada yako wa Londiani amejifungua, uondoke Ijumaa na watoto. Sisi tutasema na kupanda gari. Wewe una nyumba hapo, na mwaka ujao ni wa kura, kama ule wa vita. Wanawake wale wanajua nyumba yako ina madirisha mangapi, kwa sababu pazia la kila moja umelishona mbele yao.

Ukirudi, nenda kikundini Jumamosi kama kawaida. Watanitukana. Nitukane pamoja nao. Tukana zaidi yao.

Syprose